Kiatu cha Kushoto

Watu husema wivu ni wa wanawake. Basi mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwenye ndevu na leseni ya malori makubwa.

Niliyemwonea wivu ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Miaka saba iliyopita alikuwa anauza vipuri kwenye duka linalotazamana na yadi yetu, akaja kuniambia anataka kuendesha lori. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikamfundisha, kwa sababu mke wangu alininunia siku nne mfululizo. Nilimfundisha gia zote kumi na mbili: kusikiliza injini badala ya kukodolea mshale wa dashibodi, kukanyaga klachi mara mbili mlimani, kutogombana na gia iliyokataa kuingia. "Gia ni kama mkwe," nilimwambia. "Usiisukume, ibembeleze." Akajua upesi, na hilo nalo liliniudhi kidogo.

Kazini wananiita Profesa. Lori likipita nje ya ukuta, mimi nimekaa ndani na kikombe changu, nakuambia limo gia ya ngapi na dereva wake ana haraka au ana usingizi. Sijisifu, nasema ilivyo.

Mwaka jana kampuni ikaleta lori la kwanza la otomatiki. Meneja wa magari akatukusanya kwenye chumba cha madereva, kile chenye makabati ya bati na ubao wa kutundikia funguo, akauliza nani analitaka. Nani angeanza kusema kama si mimi? Nikasema lile si lori, ni kiti cha kinyozi kilichofungwa matairi. Nikasema dereva asiyekanyaga klachi ni abiria anayelipwa mshahara. Watu walicheka huku wakipiga makabati. Vicheko vilipoisha, shemeji akanyoosha mkono. "Nipeni mimi hicho kiti cha kinyozi," akasema, akapewa.

Mdomo uliponza kichwa. Miezi mitano baadaye goti langu la kushoto likaanza kuvimba. Daktari alibandika picha kwenye taa, akanionyesha mahali pa gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, akasema limelika. Miaka ishirini na minne ya klachi, siku nzima, mguu uleule. "Uache klachi au uache udereva," akasema. "Ukiendelea hivi, mwaka ujao utatembelea gongo." Sina kazi nyingine ninayoijua. Nikamwambia mke wangu peke yake, na nikamwapisha asimwambie mtu.

Hapo ndipo wivu ulipoota mizizi. Shemeji alirudi safari ya siku tatu, akashuka garini kama mtu aliyetoka kuoga. Mimi nilishuka kinyumenyume, nimeng'ang'ania kishikio, kisha nikajifanya nakagua tairi ili nipate kusimama kidogo. Tukiwa kwenye foleni ya kupanda mlima, yeye mbele mimi nyuma, niliona kiwiko chake kimekaa dirishani, kimetulia, wakati mimi nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, jasho likinitoka. Nilimchukia kwa urefu wote wa mlima ule, na mlima wenyewe ni mrefu. Nilichukia hata ile filimbi aliyokuwa akipiga kwa mdomo akiegesha.

Nyumbani mke wangu alinivua viatu, maana goti lilikuwa halikunjiki tena kiasi cha mimi kuzifikia kamba. Akinivua, mimi namsema dada yake.

"Si wewe uliyemfundisha?" akaniuliza.

"Ndiyo maana inauma."

Mwezi uliopita likaja lori la pili la otomatiki. Nikafyata mkia, nikaenda mwenyewe ofisini kwa meneja. Akanitazama juu ya miwani yake. "Profesa, si ulisema ni kiti cha kinyozi?"

"Nywele zimeota, bosi."

Akacheka. Akasema Jumatatu saa nne nimzungushe yadi mara moja. Nikimridhisha, lori langu. Nisipomridhisha, wako wengine wawili wanalisubiri.

Jumatatu hiyo, kabla sijapanda, shemeji akanifuata. "Shemeji, vua kiatu cha kushoto. Mguu ukigusa zulia, unakumbuka kwamba hauna kazi."

Nikamkazia macho. Nikaona wazi nia yake: nipande mbele ya meneja na soksi, kama mwehu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na hata ningetaka kukivua, ningekivuaje?

"Nimezoea viatu," nikamjibu.

"Haya."

Tukaondoka, meneja kando yangu. Lori lilikuwa laini mno. Mkono wangu ulitafuta gia mara mbili, nikaurudisha kwenye usukani. Karibu na mizani nilitaka kupunguza mwendo, nikaisikia injini inavyoshuka, na mguu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukakanyaga klachi kwa nguvu zote. Klachi haikuwepo. Iliyokuwepo ni breki. Lori likakita palepale, kalamu na simu ya meneja vikaruka hadi kwenye kioo, na mkanda ukamkaba shingo. Mimi goti lilinionyesha nyota saa nne asubuhi. Madereva wote walikuwa wametoka kumtazama Profesa wao. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

Meneja akafungua mlango. "Pole, Profesa. Nadhani tumeona."

Shemeji akaja, wala hakuharakisha. "Bosi, mimi siku ya kwanza nilifanya hivyo mara tatu. Ya tatu ulijimwagia chai kwenye suruali, umesahau? Ndipo nikaanza kuvua kiatu. Mpe mzunguko mmoja."

Meneja akajishika suruali kana kwamba bado imelowa. "Vua basi," akaniambia.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori. Mkono wangu ukafika katikati ya muundi, ukaishia hapo. Nikajaribu tena, wote wakinitazama. Shemeji akachuchumaa mbele yangu, akafungua kamba, akashika kisigino na kuvuta polepole, vilevile anavyofanya mke wangu. Nikajua basi kwamba alishaambiwa, tena zamani, na hajawahi kunitania kwa hilo hata siku moja. Meneja akaona bandeji ilivyotuna chini ya suruali.

"Kumbe ndizo nywele zenyewe," akasema.

Mzunguko wa pili mguu uliruka mara mbili, vidole vikagusa zulia, ukarudi. Nikarudi nyuma katikati ya matela mawili, nikaegesha bila kugusa chochote.

"Ni lako," meneja akasema. "Na hilo goti lako lirudi kwa daktari wiki hii."

Nilifurahi, sisemi uongo. Nikashuka kinyumenyume, nikamkuta shemeji amesimama na kiatu changu mkononi.

"Kaa," akaniambia. Akachuchumaa, akanivalisha, akafunga kamba mafundo mawili. Kisha akainuka wima mara moja, bila kushika kitu. Lori lilikuwa langu, funguo ziko mfukoni mwangu, nami nikayaonea wivu magoti yake.