Radhi za Daktari Fuad

Shangazi yangu Bi Swabaha hakukubali nyumba yake itiwe simiti hata siku moja. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zataka chokaa, akisema, simiti itazila kuta. Fundi aliyemletea mfuko alirudi nao begani. Kisha shangazi mwenyewe akaja kutiwa simiti mgongoni.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za kike. Akisikia kilio tu, huchukua buibui lake na kutoka. Siku moja alikuwa akimgeuza marehemu mmoja mnene, mgongo ukalia, akakaa papo hapo. Hospitali wakasema pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea kwa kuwa mifupa yake imekuwa myepesi. Daktari alikuwa Fuad, mtoto wa mtaa wetu huu huu, ambaye mamake alioshwa na shangazi. Akasema atamdunga simiti ya mifupa kwa sindano na jioni atarudi nyumbani.

Alirudi, na maumivu ya mgongo yalipoa kweli. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, unyayo unaburuzika. Fuad akasema ni woga tu, afanye mazoezi. Miezi ikapita, naye huko nje akiwaambia watu kuwa Bi Swabaha ni mvivu wa mazoezi. Mvivu! Mwanamke aliyewanyanyua wafu wa mji mzima. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikampeleka kwa daktari mwingine, Naomi Kasyoka. Aliitazama picha iliyopigwa siku ile ya sindano, akatuonyesha: simiti ilivuja nje ya pingili, ikagandia juu ya mshipa wa fahamu. Kuvuja hutokea, alisema, hata kwa daktari hodari. Lakini lau angefanyiwa upasuaji upesi, pengine mguu ungepona. Sasa wakati umepita. Shangazi hakulia. Alikunja midomo tu, nami nikajua iko siku.

Siku yenyewe ikaja. Fuad alikuwa anakwenda Hija, na anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, maana haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Alikuja alasiri na kanzu mpya, nduguze na wazee wa msikiti nyuma yake. Shangazi alikuwa kitini, mlangoni.

"Mamangu, nimekuja kutaka radhi. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Maneno hayo huyasema kila mtu, na jibu lake linajulikana. Nyumba zote alizopita zilikuwa zimeshalitoa.

"N'kusamehe nini, mwanangu?"

Akacheka kidogo. "Chochote."

"Chochote sikijui. Kitaje."

Wazee wakatazama viatu vyao. Mimi roho ilinicheza kwa raha, sisemi uongo. Fuad akajifuta jasho.

"Simiti ilivuja," akanong'ona.

"Nao wasikie."

"Simiti ilivuja. Niliiona kwenye picha siku ile ile. Nikanyamaza, nikakusingizia uvivu."

"Ahsante. Sasa ninyanyue."

Akamshika kwapani, akamsimamisha. Unyayo ukaning'inia, kidole gumba kikikwaruza sakafu.

"Haya, niache."

"Nikikuacha utaanguka, mamangu."

"Kumbe wajua! Nirejeshe kitini." Alipokwisha kaa, akatengeneza mtandio wake taratibu. "Nilimuosha mamako kwa mikono hii, Fuad. Siku mguu huu utakaponisimamisha, njoo uchukue radhi zako."

Kaka mkubwa wa Fuad alijaribu kusema neno, Fuad akamvuta mkono. Kesho yake akasafiri.

Amesharudi. Mtaa mzima sasa humwita Alhaji, akipita na kanzu yake. Akifika mlangoni petu huinamisha kichwa na kuharakisha, na shangazi, kutoka kitini, humwita Fuad tu.