Mpagazi wa Mkange

Nilitoka Tabora kwa treni hadi Morogoro, nikapanda basi mpaka Chalinze, basi jingine mpaka Msata, na mwisho pikipiki hadi Mkange. Safari nilishazizoea. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimepita migodini, kwenye mashamba ya mkonge na bandarini, bila kuota mizizi popote. Safari hii kazi ilikuwa kupima malaria kwenye nyumba zenye watoto wachanga, maana mama mwenye vimelea katika damu anaweza kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni.

Nyumba ninayoikumbuka ni ya mama mmoja wa Kikwere, mjane, aliyeishi na bintiye. Nilipouliza wakaazi, akasema wao wawili na mgeni. Nikamwambia mgeni hatumpimi, tunapima wenyeji tu. Nyuma ya pazia binti akaangua kicheko. Mgeni mwenyewe alikuwa mtoto wa huyo binti, hata siku arobaini hajatimiza.

Binti nilimpima, akakutwa na malaria. Mtoto naye mwili ulikuwa wa moto na ziwa alilishika kwa uvivu. Lakini yule mama mjane akakataa mtoto asichomwe. Alishawahi kumzika mjukuu kwa degedege, na kwake damu ya kiumbe ambaye bado hajatolewa nje haikuwa ya kushikwa na mtu baki. Nilieleza, nikarudia. Alipochoka kunisikiliza akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe mpagazi! Mmebeba pembe za ndovu za watu mpaka huku, leo mnataka na damu zetu?"

"Tulibeba sisi, mama, kwa kuwa Wakwere mlikuwa mmelala."

Akanitazama, kisha akasogeza pazia. "Mtani si mtu baki. Ingia. Akilia, utambembeleza mwenyewe."

Alilia kweli. Tone la damu ya kisigino likaonyesha tulichokihofia. Gari likawapeleka kituo cha afya mchana uleule, mtoto amefunikwa khanga mbili asionwe njiani, bibi yake akimsomea dua mpaka mlangoni.

Waliporudi nilikuwa nikipita kumwangalia. Nikichelewa, nasikia kutoka jikoni kwamba mpagazi katua mzigo wapi, muhogo umepoa. Nimelala nyumba nyingi za watu wema, ila sijaona nyingine nilikotukanwa kama mtoto wa nyumbani. Hata sasa, nikiwa mbali, harufu ya tui likichemka hunirudisha kwenye kile kizingiti.

Siku ya kipimo cha mwisho mtoto alishatolewa nje, ananona, anavuta kola ya shati langu. Mstari ukatokea mmoja tu, hana malaria. Niliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Binti akamshukuru Mungu. Mama akauliza narudi lini, nikamwambia mtoto akipona hatuji tena, na kazi yangu huku imekwisha.

Akamchukua mtoto mikononi mwangu. "Basi nenda. Mnyamwezi hakai."

Nilicheka, maana utani haununiwi, nikapanda pikipiki. Nilitamani anikatalie kuondoka.