Kibali cha Mshonaji Ukutani Mwetu

Kosa litakaloonekana katika kumbukumbu hizi ni kiburi cha msomi. Sisemi kiburi cha kujua mengi. Hicho watu hukisamehe, na pengine hukicheka. Nasema kile cha kuamini kwamba aliyezoea vitabu hana haja ya kuisoma karatasi iliyo mbele ya pua yake, wala ya kumuuliza mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Kosa hilo lilikuwa langu, na nililitenda mjini Nyeri mchana kweupe, baada ya kuwahutubia wenzangu kuhusu utiifu wa sheria.

Nimefundisha historia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Dada yangu mdogo hakufundisha chochote; aliuza mchele katika duka la mtu kule Wang'uru, na kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba amechoka kupima mali ya wenyewe. Krismasi moja alikuja nyumbani na beseni la krispi za nduma, yale magimbi ya mtoni, alizozikaanga mwenyewe, nyembamba kama karatasi, zenye chumvi kidogo na harufu ya dania. Ziliisha kabla chai haijamiminwa. Aliposema angependa kuifanya hiyo iwe kazi yake, nilimjibu kwamba kazi isiyo na utaratibu ni mchezo, na kwamba sisi tungeanza kwa kusajili kampuni.

Tukasajili. Cheti kilipotoka nilikitia fremu ya mbao na kioo. Tukapata chumba nyuma ya soko, ambacho kabla yetu kilikuwa cha mama mmoja mshonaji. Kama ilivyo desturi yetu, tulialika majirani na mchungaji waje kutuombea kabla karai halijatiwa mafuta. Mchungaji aliomba kwa dakika chache. Mimi nilizungumza kwa muda mrefu zaidi, nikaeleza tofauti kati ya mfanyabiashara na mchuuzi, nikawataka waliohudhuria wamheshimu Kaisari kwa vyake. Chai ilipoa. Hakuna aliyenong'ona, jambo nililolichukua kuwa dalili ya kukubali.

Sasa, katika miji hii yetu ya chini ya mlima, duka huachianwa jinsi boma linavyoachianwa. Anayetoka humkabidhi anayeingia funguo, namba ya mita ya stima, rafu ambazo hakuweza kuzibeba, kalenda ya mwaka huo, na mara nyingi kibali cha kaunti kilichobandikwa ukutani. Nilikitazama kibali hicho siku ya kwanza. Nilitazama mwaka, nikaona haujaisha, nikaridhika. Cheti chetu chenye fremu nilikitundika pembeni yake, na nikaona jinsi ukuta ulivyopata heshima.

Yule mama mshonaji alikuwa amehamia Kamakwa. Mwezi wa pili alituma mtu. Mwezi wa tatu akatuma mwingine.

"Mwalimu," dada yangu aliniambia, kwa maana hata yeye huniita hivyo anapotaka kunichokoza, "yule mama ametuma mtu tena. Ati anataka karatasi yake."

"Mwambie kibali ni cha duka, si cha mtu. Mtu huhama na nguo zake. Hahami na mlango."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akamwambia, neno kwa neno. Ana kumbukumbu nzuri sana anapotaka.

Tuliendelea kukaanga. Kisha ikaja bahati. Meneja wa hoteli moja ya Nanyuki alizionja krispi zetu katika harusi, akapiga simu akitaka ndoo kadhaa kila wiki kwa ajili ya wageni wake. Alitaka pia nakala za karatasi tatu: cheti cha kampuni, kibali cha biashara, na cheti cha afya cha mahali tunapokaangia. Alitupa hadi Ijumaa. Zisipofika, alisema bila ubaya wowote, angechukua krispi za viazi kutoka kwa mtu wa Kenol ambaye karatasi zake zilikuwa tayari mezani. Dada yangu alikuwa amekwisha kuacha kazi ya Wang'uru, na nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Krispi za kuuza kando ya soko zisingemweka mjini. Ndoo za Nanyuki zingemweka. Tulilijua hilo sote wawili.

Jumatatu ya wiki hiyo aliingia askari wa kaunti. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kukutana na askari wa kaunti mkali, nimshinde kwa hoja. Huyu alikuwa binti mpole mwenye daftari na kikohozi. Alisalimu, akaonja krispi moja aliyopewa, akasogea ukutani.

"Mwalimu, hapa mnashona nini?"

"Hatushoni. Tunakaanga nduma."

"Kibali inasema mnashona nguo."

"Kibali ni cha chumba hiki."

"Ni ya mtu huyu, kwa kazi hii, mahali hapa. Vitu tatu." Akavigusa kimoja kimoja kwa kalamu. "Mahali ni hapa, sawa. Kazi si hii. Na mtu..." Akanitazama kwa huruma. "Wewe ndiye huyu mama?"

Dada yangu aliligeukia karai ghafla, mabega yakimtikisika.

Nikakiteremsha cheti chetu, fremu na yote, nikampa kama mtu atoaye silaha ya mwisho. Alikishika kwa adabu kwa mikono miwili.

"Hii ni nzuri sana. Lakini hii ni kama cheti ya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa anapewa, ajulikane yuko. Haimaanishi anaweza kuendesha lori."

Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, hakufunga mlango. Alitutaka tuzime jiko mpaka tuwe na kibali kwa jina la kampuni, akaandika hivyo katika daftari lake, akatuachia nakala. Alipotoka, tulizima jiko.

"Ijumaa," dada yangu alisema.

Ningeweza kwenda moja kwa moja katika ofisi za kaunti na kuuliza. Badala yake nilikwenda Kamakwa kumkemea mshonaji. Nilikuwa nimejishawishi njiani kwamba ametuhadaa: kwamba aliiacha karatasi ile makusudi ili tuingie mtegoni. Nilimkuta kibarazani, chini ya kibao kilichoandikwa "Mama Vifungo", cherehani mbele yake, tepu shingoni, na wateja wawili wa kike kwenye benchi wakingoja sare za watoto. Nilianza kwa sauti ya darasani. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye neno "uadilifu," akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Ni wewe ule wa 'mtu hahami na mlango'?"

Wale wawili kwenye benchi wakaangua kicheko. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia.

"Ni mimi," nilisema.

"Karibu sana, mlango! Umekuja na karatasi yangu?"

Sikuwa nimekuja nayo. Ndipo akanieleza, huku akiendelea kukanyaga cherehani, kile ambacho ningalikijua miezi miwili iliyopita laiti ningaliuliza anaitakia nini. Mtu akihama, huenda na kibali chake ofisini ili mahali pabadilishwe. Yeye alikuwa hana cha kuonyesha kwenye duka jipya, na kule ofisini ilionekana kana kwamba bado anashona nyuma ya soko. Mara mbili alikuwa amefunga duka siku nzima kwenda kujieleza. Aliiacha ukutani kwa kusahau, siku ya kuhama, mvua ikinyesha na mkokoteni ukimngoja.

Nimeomba radhi mara chache maishani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa kwa niaba ya wanafunzi wangu. Hiyo niliiomba kwa niaba yangu, mbele ya benchi zima. Kisha nilirudi kwa miguu hadi sokoni, nikaibandua ile karatasi, nikampelekea. Aliipangusa mafuta kwa kitambaa.

"Inanukia nduma," alisema. "Sasa, Mwalimu, mambo yenu yamefikia wapi?"

Nikamweleza kuhusu Nanyuki na Ijumaa. Nilitarajia aniambie nimestahili. Alivuta kipande cha karatasi ya kaki anayochorea mitindo, akachukua chaki yake ya bapa.

"Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Lakini hii nimefunzwa na kukamatwa. Wewe ulivaa koti kabla ya kupimwa, hiyo ndiyo shida. Kwanza mpimwe nyinyi." Akachora vichwa viwili. "Wewe na dada, hospitali, vipimo vya mtu anayeshika chakula. Halafu kupimwe chumba." Akachora mraba. "Afisa wa afya aje aone ukuta, maji, takataka. Na mtungi wa kuzima moto, kwa sababu mko na mafuta. Ukimaliza hiyo, ndiyo uombe kibali. Na mahali pa kuandika kazi, andika kazi. Usiandike hotuba."

"Kwa nini niandike hotuba?"

Wale wa kwenye benchi walijibu kwa kicheko.

"Na malipo ni kwa simu, namba ya kaunti, risiti irudi kwa simu yako. Mtu akikwambia umpe mkononi, mwambie aandike jina yake hapo uone atakavyokimbia."

Jumanne asubuhi, kwa hiyo, nilipita katikati ya mji wa Nyeri nikiwa na kichupa kidogo kilichofungwa kwa gazeti, kwa sababu maabara ya hospitali hutaka kujua mambo ya ndani kabisa ya mtu kabla hajaruhusiwa kumkaangia mwenzake nduma. Mbele ya posta nilikutana na mzee mwenzangu wa kanisa.

"Mwalimu! Umebeba nini kwa uangalifu hivyo? Asali?"

"Si asali," nilimwambia, nikaongeza mwendo.

Afisa wa afya alikuja Jumatano. Alisifu karai, akasifu kofia ya nywele ya dada yangu, kisha akasimama mbele ya rafu iliyobeba vitabu vyangu, ambavyo nilivileta niwe nikisoma wateja wanapokosekana. Akauliza kama vitabu navyo hukaangwa. Juu ya karai nilikuwa nimebandika kwa mkono wangu maneno "Usafi ni nusu ya ibada". Mvuke wa mafuta ulikuwa umeyafanya ya manjano na mende mmoja alikuwa amejifia juu ya herufi ya mwisho. Aliyasoma kwa sauti, akaandika kitu. Mchana huo tuliondoa vitabu, tukapaka ukuta rangi ya kuoshwa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa changu, tukanunua pipa lenye kifuniko. Jioni alirudi, akapitisha kidole ukutani, akatia sahihi cheti cha afya cha chumba. Mtungi wa kuzima moto niliutundika mwenyewe, na watu wa zimamoto wakaukagua asubuhi iliyofuata, wakati majibu ya maabara yalipokuwa tayari.

Nikiri kwamba katika kufanya hayo yote niliona kitu ambacho hotuba yangu ya ufunguzi haikukigusa. Nilikuwa nikikichukulia kibali kuwa heshima ya kutundikwa. Kumbe ni ahadi kwa jirani: kwamba mkono uliomkaangia umepimwa, kwamba moto wa jiko letu hautavuka ukuta ukamfikia, kwamba akidhurika anajua jina la kuuliza. Ahadi ya namna hiyo hairithiwi pamoja na rafu na kalenda.

Alhamisi, mbele ya kompyuta katika duka la huduma karibu na ofisi za kaunti, nilifika mahali pa kueleza aina ya biashara. Niliandika: "Uendelezaji wa vyakula vya asili kwa manufaa ya jamii." Dada yangu alisoma juu ya bega langu.

"Nimpigie simu yule mama?"

Nikafuta. Nikaandika: "Kukaanga na kufunga krispi za nduma." Saa tisa alasiri kibali kilitoka, na safari hii nilikisoma chote, tangu jina hadi kanuni za chini zenye herufi za kuumiza macho, nimesimama kizingitini huku watu wakinipisha. Mtu, kazi, mahali. Vyote vitatu vilikuwa vyetu. Tuliporudi, dada yangu aliliwasha jiko kabla sijakitundika ukutani.

Ijumaa tulikuwa Nanyuki kabla ya saa nne, ndoo mbili miguuni na faili mkononi. Meneja alizifungua karatasi moja baada ya nyingine. Alilinganisha jina la kampuni kwenye zote tatu, akalinganisha mahali, akasoma ile kazi iliyoandikwa, akatabasamu. Kisha akamtazama dada yangu.

"Mama, mtaanza wiki ijayo. Ndoo sita."

Dada yangu alisema asante kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akajifanya kukaza kifuniko cha ndoo kilichokuwa kimekazwa tayari.

"Wengi huniletea karatasi za kubabaisha," meneja aliendelea, akinigeukia. "Hizi zimepangwa na mtu anayejua. Bila shaka ni wewe, Mwalimu?"

Lilikuwa swali la heshima, na jibu la uongo lingekuwa fupi. Dada yangu alikohoa.

"Hapana," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimezivuruga. Aliyezipanga ni mshonaji mmoja wa Kamakwa."

"Mshonaji?" Akachukua kalamu. "Nina sare za wahudumu zinazotaka fundi. Anaitwa nani?"

"Mama Vifungo."