Meza ya Shangazi

Nyumbani walimwita Maswali. Jina hilo alipewa na shangazi yake, aliyemchukua kumlea akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Kila kilichopita mbele ya macho yake alikiulizia: kwa nini kifuniko cha sufuria kinacheza, kwa nini duka la kona linauza sabuni kutoka ng'ambo ilhali kiwanda cha sabuni kipo mtaa wa pili. Shangazi alijibu alichokijua. Asichokijua alisema, "Hilo kaulize shule."

Shule ikaisha, na Maswali akapata nafasi chuo kikuu kusomea biashara ya kimataifa na usimamizi wa uzalishaji.

"Ndiyo masomo gani hayo?" Shangazi aliuliza.

"Ni kujua kitu kinavyotengenezwa, kinavyosafirishwa, mpaka kimfikie mnunuzi wa nchi nyingine bila kuchelewa."

"Kumbe unasomea kazi yangu," Shangazi akasema, wakacheka wote wawili.

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Shangazi alifanya kazi kiwanda cha viatu tangu ujana wake. Alikaa kwenye meza ndefu iliyo mwisho kabisa, yeye na wanawake wenzake watatu, wakikagua kila kiatu kabla hakijaingia kwenye boksi. Walipitisha kidole ukingoni mwa soli, wakakata uzi uliochomoza, wakafuta gundi iliyovuja. Mikono ilifanya kazi na midomo haikulala. Pale mezani watoto walipewa majina, waume walisutwa, na misiba ilililiwa. Kiwandani walimwita Jicho, na jina hilo alilivaa kama watu wengine wanavyovaa saa ya dhahabu.

Mwaka wa tatu wa masomo, Maswali alitakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo. Kiwanda kilichokubali kumpokea kilikuwa kilekile cha shangazi yake.

Meneja alimpa kazi siku ya kwanza. Viatu vyao vingi vilikuwa vinauzwa nje, na mara kadhaa kontena lilikuwa limefika bandarini na kukuta meli imeshang'oa nanga. "Viatu vyetu ni vizuri," meneja alisema, "lakini mnunuzi ameanza kuangalia pembeni. Nitafutie vinapokwama."

Maswali akaanza kufuata viatu hatua kwa hatua, tangu ngozi inapokatwa mpaka mlangoni pa kupakilia. Kichwani alikuwa na maneno ya mhadhiri wake: "Msafara huenda kwa mwendo wa anayetembea polepole. Mtafuteni, na mkimpata msimtukane, muulizeni kabeba nini." Kwenye kukata, kazi ilitiririka. Kwenye kushona, ilitiririka. Kwenye gundi vilevile. Kisha akafika kwenye meza ya mwisho, akakuta vitoroli vimepanga foleni, vimejaa viatu mpaka juu.

Alipima upya, akiomba moyoni awe amekosea. Hakuwa amekosea. Sehemu kubwa ya kasoro zilizokamatwa pale zilitoka kwenye gundi. Zilipofika kwa Shangazi, gundi ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo kiatu kilibanduliwa, kikarudishwa nyuma, kikaanza safari upya. Kama mtu angekitazama mapema gundi ikiwa bado mbichi, kasoro ingefutwa kwa kitambaa tu. Wale wanawake hawakuwa wazembe. Walikuwa wamebebeshwa makosa ya wengine, na msafara mzima ulikuwa ukiwasubiri.

Shangazi alimwona amesimama na saa ya kupimia. "Mwanangu, unanipima mimi?"

"Napima viatu, Shangazi."

Akainamia daftari lake, akaendelea kuandika.

Rafiki yake wa chuoni alimshauri asijitie matatani. "Andika kwamba mashine ya kukata imechakaa. Mashine ipi haijachakaa?" Maswali alilifikiria hilo zaidi ya alivyopenda kukiri, mwishowe akaenda kwa mhadhiri. Mhadhiri alimsikiliza, akauliza, "Ripoti hii itamgusa nani?"

"Shangazi yangu."

"Basi asiisikie kwenye korido."

Jumapili alimkuta Shangazi sebuleni akipiga pasi sare ya kazini. Maswali alimweleza yote bila kuzunguka. Shangazi alimaliza mkono mmoja wa shati, akageuza wa pili.

"Kwa hiyo tatizo ni mimi."

"Si wewe, Shangazi. Ni meza, pale ilipowekwa."

"Meza ina miguu minne, lakini siku ikiondolewa, atakayerudi nyumbani ni mimi."

"Nitapendekeza mhamishiwe kwenye gundi, muwe mnakagua hukohuko. Nyote wanne."

"Utapendekeza." Alilirudia neno hilo polepole, kama anayeonja chumvi. "Na nikikukataza kupeleka?"

Maswali aliitazama ile sare.

"Peleka," Shangazi alisema. "Sikukulea uwe mwongo. Ila usiniombe nifurahi."

Meneja aliisoma ripoti na kukubali karibu yote. Kwenye suala la watu alisita. "Nilikutuma utafute viatu vinapokwama, sikukutuma upange watu."

"Viatu havijikagui, meneja," Maswali alisema. "Ukiwapoteza hawa, gundi itaendelea kuvuja na hakutakuwa na wa kuiona."

Walivutana, na mwisho alipata nusu ya alichokitaka. Shangazi na mwenzake mmoja walihamishiwa kwenye gundi. Wa tatu alipelekwa kwenye kufunga maboksi. Wa nne, aliyekuwa akikaa bega kwa bega na Shangazi miaka yote, alikuwa amekaribia kustaafu. Akalipwa stahili zake, akaaga.

Makontena yakaanza kuwahi meli. Chuoni ripoti ilisifiwa mbele ya darasa, na Maswali akasikia haya badala ya fahari.

Nyumbani kulikuwa kimya. "Shikamoo, Shangazi," angesema, na Shangazi angeitikia "Marahaba," basi, neno lisizae la pili. Chakula chake alikikuta kimefunikwa mezani. Kule kwenye gundi Shangazi alisimama kutwa nzima, na kelele za mashine hazikuruhusu soga.

Wiki nyingi zilipita hivyo. Jioni moja Shangazi aliingia, akavua viatu, akakaa karibu naye.

"Leo fundi mmoja wa gundi alikosea. Nikamwonyesha kabla haijakauka. Kiatu kimepona."

"Vizuri, Shangazi."

"Sijasema ulikosea kuhesabu. Hesabu yako ni sawa. Ninachokuambia ni kwamba namkosa mwenzangu niliyekaa naye bega kwa bega. Hilo ulilipima?"

"Hapana," Maswali alisema. "Sikulifikiria kabisa."

"Basi Jumapili tutakwenda kwake."

Walikwenda. Mwenyeji wao alifungua mlango, akamtazama Maswali kutoka juu mpaka chini. "Ndiye huyu aliyetutawanya?"

"Ndiye," Shangazi akajibu. "Mpe kiti, hata hivyo."

Alipewa kiti. Mchana kutwa aliwasikiliza wale wawili wakiwasema watu wa kiwandani, wakicheka mpaka machozi, wakinyamaza pamoja na kuanza tena. Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyemwambia kwamba alifanya vyema. Walipoaga, mwenyeji alimshika Shangazi mkono kwa muda mrefu pale mlangoni. Tangu hapo wanawake hao hutembeleana karibu kila Jumapili.

Maswali alihitimu. Siku hizi anafanya kazi kampuni ya usafirishaji wa mizigo, akipanga nini kipakiwe lini na katika meli ipi. Akipelekwa mahali kupima kazi, kwanza huwaambia wafanyakazi anapima nini na kwa nini. Wengine humshukuru, wengine hufunga midomo siku hiyohiyo, na bado hajajua kama njia yake ni bora au ni ya kuituliza dhamiri yake tu.

Shangazi naye amestaafu. Bado anashikilia kwamba mafundi wa gundi wangefunzwa kazi vizuri, meza isingekuwa na haja ya kuondolewa. Maswali humwambia kwamba mafundi wangefunzwa vizuri, meza isingekuwa na kazi. Hapo kila mmoja huona mwenzake ndiye asiyeelewa, na hubishana mpaka chai inapoa.