Mbwa wa Godauni Aliyeachwa Anuse

Godauni nililofanyia kazi eneo la viwanda la Industrial Area lilipofungwa, mwenye godauni aliuza rafu, mizani, hata mabati ya choo. Mbwa hakupata mnunuzi. Tangu mdogo alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya geti, na dunia yote aliyoijua iliishia pale mnyororo ulipoishia. Siku ya mwisho nilimkuta amelala kando ya bakuli tupu. Nikamfungua, nikatembea naye hadi nyumbani bila kufikiria sana.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaani Eastlands, katika ploti ya milango minane inayotazamana. Nikitoka kutafuta kibarua, mbwa alibweka mpaka nirudi. Alitafuna fremu ya mlango. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi kiwandani usiku na kulala mchana, alinijia mara mbili akanieleza kwa upole kwamba hapati usingizi kabisa. Mara ya tatu alimwendea mwangalizi wa ploti. Nikapewa wiki mbili: mbwa aondoke au tuondoke wote.

Niliamini akichoka atanyamaza. Kila alfajiri nilimkimbiza barabarani, na kila alipoinamisha kichwa kunusa, nilivuta kamba. Tulirudi mimi nikihema, yeye akitetemeka, na kubweka kukaendelea vilevile.

Nikaenda kwa mzee anayeuza dawa za mifugo karibu na soko, nikamwomba dawa ya kumtuliza. Alitoka dukani akatutazama tukipiga hatua kadhaa.

"Unamtembeza au unamburuta?" akaniuliza.

Nikamwambia mbwa ana tabia ya kusimama kila mahali.

"Basi simama naye. Huyu hajawahi kujua kuna nini upande wa pili wa geti. Mwache anuse mpaka atosheke. Kunusa kunamtuliza kuliko mbio zako."

Dawa hakunipa.

Kesho yake tulitumia karibu saa nzima kutoka getini hadi kwenye kona. Alinusa mtaro, tairi kuukuu, magunzi ya mahindi, mguu wa kibanda cha chipsi. Nilipofika karibu na msikiti nilivuka naye upande wa pili, ili asiwaguse waliokwisha kutawadha. Vijana wa kuosha magari waliniuliza kama nimeangusha ufunguo. Niliona aibu, lakini nilimwona mbwa akipumua taratibu, mkia umelegea, na sikuivuta kamba. Tuliporudi alikunywa maji, akalala.

Tulifanya hivyo kila siku. Kabla wiki mbili hazijaisha, yule jirani alibisha mlangoni mchana, kanga mabegani, macho mekundu.

"Pole, kijana," akasema. "Nisamehe. Sikutaka afe."

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba siku nne hajasikia sauti ya mbwa, akaamini nimempa sumu kwa sababu ya maneno yake. Sasa kulikuwa kimya na bado hapati usingizi, akimfikiria mbwa.

Nilifungua mlango wote. Mbwa alikuwa amejinyoosha sakafuni, anakoroma. Yule mama alimtazama, akakaa kwenye kizingiti akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamweleza habari ya kunusa. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Jioni ile alimwendea mwangalizi, akaondoa malalamiko yake.

Siku hizi, akiwa hana zamu, hutembea nasi. Anasema miaka mingi amepita njia hii akikimbilia kazi au akikimbilia kitanda. Mbwa amezeeka kidogo na husimama zaidi ya zamani. Juzi alikwama kwenye shina la mti kando ya uwanja wa shule, nami nikawa na haraka, nikataka kumsukuma. Yule mama akaniwekea mkono begani.

"Mpe nafasi," akasema. "Hajamaliza."

Tukasimama.