Kiatu cha Kushoto cha Mtembezi

Siku hizi kiatu kikiachama kinatupwa. Soli za gundi, watu wa gundi. Lakini yuko fundi mmoja wa enzi za sindano na uzi wa nta, na chini ya meza yake, ndani ya mfuko wa kitambaa, kulikuwa na jozi ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.

Mwenyewe alikuwa yule kiongozi tuliyemwita Mtembezi, maana aliizunguka nchi kwa miguu, akihutubia masokoni na kwenye mageti ya viwanda, mpaka watu wakaacha kuogopa. Hata alipopata cheo kikubwa hakuacha kuja kwa fundi. Pale dukani sheria ilikuwa moja: anayesubiri anavua viatu vyote viwili, anakaa benchini pekupeku, na zamu hairukwi. Mtembezi alikaa benchi moja na mpagazi na muuza mkaa, vidole vya miguu vikicheza sakafuni, akiwauliza kama mtaani kwao maji yanatoka.

"Kisigino cha kushoto tena?" fundi alimtania. "Mheshimiwa, unatembea au unaipiga nchi mateke?"

"Nabisha hodi, fundi. Bado hawajafungua."

Mara ya mwisho alikuwa na haraka. Akaviacha viatu, akaondoka na ndara za fundi. Fundi akashona cha kulia. Kabla hajagusa cha kushoto, redio ikatangaza msiba wa Mtembezi, na mkono ukagoma. Ukagoma miaka thelathini na mmoja.

Jumatano moja akaingia mama kijana, msimamizi wa nyumba ya kumbukumbu ya Mtembezi, iliyokuwa ifunguliwe Jumamosi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia viatu vyake halisi viko kwako. Sisi tumeweka jozi mpya kwenye kabati la kioo."

"Nimeichungulia dirishani. Ile ni ya mtu wa kupanda gari."

Mama akacheka. Fundi akautoa mfuko. Cha kulia kilikuwa kimeshonwa barabara. Cha kushoto soli ilining'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

"Usikiguse!" mama akasema. "Tutaviweka hivi hivi. Ndiyo historia."

"Historia gani? Hiyo ni kazi niliyoilaza. Kiatu kilichoachama hakitoki kwenye duka hili."

"Basi kishone, babu."

Fundi akakisogeza kiatu pembeni ya meza. Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akadakia:

"Mwambie ukweli, baba watoto. Miaka yote hiyo unakihamisha huku na huku kama kuku asiyejua pa kutagia!"

Fundi akajifuta uso kwa aproni. "Nikikimaliza," alisema taratibu, "naye atakuwa amekwisha. Huko nje hamna tena anayemuuliza mwenzake kama maji yanatoka. Wote wanainamia simu. Angalau hapa bado kuna kazi yake inayosubiri."

Mama akageuka. Alitazama benchi, mbao zake zikiwa zimelainishwa na makalio ya watu wengi.

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Hapo mwisho, karibu na ukuta."

Akavua viatu vyake, kimoja kisigino kimebanduka, akaviweka mezani. Akakaa katikati ya benchi, pekupeku, ile nafasi ya ukutani akaiacha wazi.

Haukupita muda akaingia tarishi, mguu mmoja akiuburuza, kamba ya kiatu ikiwa imefungwa kuzunguka soli.

"Hamjambo humu? Nani yuko mbele yangu?"

"Mtembezi," mama akajibu. "Halafu mimi."

Tarishi alivitazama viatu vilivyo mezani, akamtazama fundi. Akavua kofia kwanza, ndipo akavua viatu. Akakaa. Vidole vya miguu vikapapasa sakafu ya baridi. Simu ya mama ikaita mkobani, hakuishughulikia.

"Ndugu yangu," akamgeukia tarishi, "mtaani kwenu maji yanatoka?"

"Wiki ya pili sasa, hata tone! Kwani kwenu yanatoka?"

"Thubutu!"

Fundi akainua kichwa. Benchi lilikuwa linaongea. Akavuta kiatu cha kushoto mapajani, akapaka uzi nta, akachoma tundu la kwanza.

"Semeni kwa sauti," alisema, bila kuinua macho. "Huyu wa mbele anapenda kusikia."