Macho ya Mkamwana

Baba yangu alikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Alikiweka chini ya upenu wa nyumba yangu, akakikalia na kuupa mlango mgongo. Hivyo ndivyo alivyomhudumia mke wangu alipokuwa mgonjwa. Watu wa mjini nikiwasimulia hudhani natia chumvi, na mimi sina subira ya kuwaeleza mara ya pili.

Kwetu Nyamira mwanamume haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mvua imnyeshee, atasimama nje. Mkamwana naye hampi baba mkwe mkono, hamkazii macho, wala hawazungumzi habari za mwili. Tunaiita chinsoni, haya ya heshima kati ya mzazi na mwana, na wake na waume zao wamo humo. Kanisa lilipokuja lilipiga vita pombe na ngoma, lakini hili halikuligusa. Wasabato na Wakatoliki, ambao hawakubaliani hata juu ya siku ya kupumzika, hapa walikubaliana. Mimi mwenyewe nililelewa humo na sijatoka. Kwa hiyo asije mtu akanitaka niwatukane wazee wangu. Nitasema yaliyotokea, basi.

Mke wangu alianza kukohoa katika miaka ya mwanzo ya sabini, mvua za masika zikiwa zimeshika. Alikuwa mwanamke wa mzaha, mchumaji hodari wa majani chai, na kikohozi chenyewe alikifanyia mzaha kwanza. Alisema ameanza kulia kama punda ili mume wake apate wa kumwendesha. Alipotema damu, mzaha uliisha. Nilimpeleka hospitali mjini Kisii, wakampima makohozi, wakatuambia ni kifua kikuu.

Siku hizo ugonjwa huo ulikuwa jina la kunong'onezwa. Mtoto wetu mdogo tulimpeleka kwa mama mzaa mama. Majirani waliokuwa wakiazima moto kwetu kila jioni ghafla wote wakawa na viberiti. Sikuwalaumu wakati ule, na siwalaumu sasa, ila nilijua kwamba mwanamke aliyezoea kucheka na watu alikuwa anabaki peke yake mchana kutwa. Mimi nilikuwa mwalimu Nyamarambe, ng'ambo kabisa ya Kisii, na nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yangu alikwisha fariki. Katika boma lile walibaki wawili, mke wangu ndani ya nyumba yangu na baba ndani ya yake, na uwanja katikati.

Tukapata habari njema, au tulidhani. Madaktari wa utafiti walikuwa wamekuja kutoka Nairobi kujaribu dawa mpya za kifua. Zile za zamani zilitaka mtu atibiwe kwa muda mrefu mno, sindano juu ya sindano, na wengi walichoka wakaacha njiani. Walitaka kujua kama dawa mpya zingeponya upesi zaidi. Wagonjwa waligawanywa kama kwa kura, hawa vidonge hivi, wale vidonge vile, na hata daktari mwenyewe hakuruhusiwa kumchagulia mtu. Mke wangu aliangukia dawa mpya. Tulikuwa na furaha ya watu waliobahatika.

Mgonjwa alilala hospitali kwa kitambo, kisha akatibiwa kwao. Kwa hiyo walihitaji watu wa kuwatembelea wagonjwa nyumbani, kuwapa vidonge, kuchukua makohozi na kuwakagua. Hawakutaka wageni. Walitaka watu wazima wanaoaminika, wanaojua vijia vyote, ambao mbwa hawawabwekei. Ni mpango mzuri, na ningekuwa mimi ningepanga hivyo hivyo. Baba alikuwa dresa jeshini wakati wa vita, alifunga vidonda vya watu huko Burma, na kanisani alikuwa mzee. Wakamwajiri siku ile ile. Wakampa begi la turubai na baisikeli, ambayo kwa milima yetu aliisukuma zaidi ya kuipanda. Upande wake ulikuwa kilima chetu na viwili jirani. Na mgonjwa wa kwanza katika kilima chetu alikuwa mkamwana wake.

Kanuni ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa macho. Dawa mpya iliweza kuharibu ini la baadhi ya watu. Dalili yake ni weupe wa jicho kugeuka manjano, na ukigeuka, dawa isimamishwe siku hiyo hiyo na mgonjwa akimbizwe hospitali. Akiwahi, anapona. Akichelewa, hakuna wa kumsaidia. Mhudumu alitakiwa amtoe mgonjwa juani, amshushe kope kwa kidole, aangalie vizuri. Baba aliishika kanuni hiyo kama alivyozishika amri kumi. Nilimwona nje ya kanisa akiwashusha kope wazee wenzake, wakimkimbia kwa kicheko. Ng'ambo ya mto alimwona mwanamume mmoja macho yameanza kubadilika, kidogo sana, akamnyang'anya vidonge, akamketisha kwenye baisikeli na kumsukuma mpaka barabarani akapate gari. Yule mtu aliishi. Alikuja kumletea baba jogoo.

Kwa mke wangu alikuja na kigoda. Aliketi nje, mgongo mlangoni, akabisha hodi kwa kikohozi. Vidonge aliviweka kizingitini, akageukia tena uwanja. Mke wangu akavichukua. Kopo la makohozi likatoka kwa njia hiyo hiyo, limefunikwa kwa jani la mgomba. Baba alitakiwa amwone akimeza. Yeye alimsikiliza. Mke wangu, ambaye mzaha haukumwisha hata kwa kifua, alimeza kwa sauti kubwa kama ng'ombe kwenye maji, ili mzee aridhike, na mzee alisema, "Nimesikia, mama."

Nataka nieleweke hapa. Walipendana sana wale watu wawili. Majirani wote walipokaa mbali, ni baba aliyeketi pale upenuni akimpa habari za dunia: nani ameuza ng'ombe, bei ya pareto imeshukaje, mhubiri alisema nini hata wazee wakasinzia. Mke wangu alicheka ndani, baba akachekea uwanja. Uji wa wimbi mke wangu aliuweka kizingitini kwenye kibuyu, baba akaunywa hapo hapo, kibuyu cha mtu mwenye kifua kikuu, bila kusitasita. Nilipokuja mwisho wa mwezi mke wangu aliniambia, "Baba yako ananitunza kuliko wewe." Nami nilikubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha likaja swali la macho. Kila baba alipokuja, baada ya vidonge na kabla ya habari, aliuliza kwa sauti ya kazi, "Na macho, mama?"

"Mazuri, tata." Tata ni baba, kwa lugha yetu.

Angejibu nini kingine? Ukiwa mwanamke wa kwetu humwambii baba mkwe kwamba umetapika, kwamba mwili unawasha, kwamba mkojo wako umekuwa kama chai ya rangi. Na macho yake hakuyajua. Kioo chetu kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimekwenda nacho Nyamarambe kwa ajili ya kunyolea. Ninacho mpaka leo, na hunyolea kingine.

Mwisho wa mwezi mmoja nilikuja nikimletea mkate na sukari. Nilimkuta ameketi mlangoni akianika mgongo juani, kashika tama. Aliponisikia aligeuka akatabasamu, na mkate ukaniponyoka. Weupe wa macho yake ulikuwa rangi ya ndizi iliyoiva. Nilimwuliza tangu lini, akasema, "Tangu lini nini?" Hapo ndipo nilipojua kwamba hajui.

Tulipata gari la chai lililokuwa likishuka mjini. Njia nzima alikuwa amelala mapajani pangu, akiniuliza kama nimemjulisha baba, maana mzee angekuja na vidonge asimkute. Aliishi siku chache. Mwisho alikuwa hanitambui tena, akanisalimu kwa heshima kubwa, kama mgeni. Hilo sijalisamehe, na sijui wa kumsamehe ni nani.

Baada ya maziko daktari wa utafiti alikuja bomani. Alikuwa kijana wa pwani, mwenye adabu, na alikuwa ametoka kulia, niliona. Alikaa na baba upenuni, mimi nikasimama. Akauliza taratibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Mzee, wewe ndiye mhudumu bora niliye naye. Kwa yule wa ng'ambo ya mto uliona hata kabla yangu mimi. Kwa huyu ilikuwaje?"

Baba alikuwa akichora ardhini kwa kijiti. "Daktari, yule ilikuwa bibi ya mtoto yangu."

"Naelewa, mzee. Pole sana. Lakini macho yake uliyaangalia?"

"Nimekuambia. Ilikuwa bibi ya mtoto yangu."

"Ndiyo. Na ndiyo maana nauliza."

Baba alinitazama ili nimsaidie. Ningeweza kueleza, mimi mwalimu, mwenye Kiswahili na Kiingereza. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haina pa kwenda. Ndipo baba akasema, polepole, "Siku ya kwanza nilikuja ofisi yako. Nikasema, huyu mmoja ni bibi ya mtoto yangu. Unakumbuka?"

Daktari alikumbuka. Niliona uso wake ukibadilika. "Ulisema hivyo," akasema. "Nami nilifurahi, mzee. Nilisema moyoni, huyu basi amepata bahati, atatunzwa na mtu wake mwenyewe."

"Mimi nilifikiri umesikia," baba akasema.

Kwa baba, kusema "ni mke wa mwanangu" kulikuwa kusema yote: siwezi kuingia, siwezi kumtazama, mpe mtu mwingine. Kufafanua zaidi ya hapo mbele ya kijana kungekuwa kuvunja kile kile alichotaka kukilinda. Na kwa daktari maneno hayo hayo yalikuwa sifa. Watu wazuri wawili, na kati yao mke wangu amelala kando ya nyumba yetu chini ya udongo mbichi. Waliokuja kunipa pole walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliwaitikia amina kwa mdomo. Moyoni niliwaambia wamwache Mungu apumzike, hii kazi tuliifanya wenyewe.

Daktari alibadilisha utaratibu. Tangu hapo hakuna mhudumu aliyepewa wagonjwa wa ukoo wake, na kabla ya kugawa kazi walimwuliza kila mmoja nani hawezi kumtazama. Dawa zile, nasikia, ziliwaponya wengi, na wapo wazee wanaotembea leo sokoni Nyamira kwa sababu yake. Nawafurahia. Kuna siku siwafurahii.

Baba alirudisha baisikeli na begi. Kigoda alikiacha chini ya upenu wangu, na sikukiondoa.

Nilioa tena, kwa kuwa mtoto alihitaji mama na mimi nilihitaji mtu. Mwanamke mpole, asiye na mzaha mwingi. Baba akazeeka haraka. Ilipokaribia mwisho wa miaka ile ya sabini aliugua akalala, tumbo likamsumbua, na mke wangu huyu wa pili ndiye aliyempikia. Alileta chakula mpaka mlango wa chumba cha mzee, akakiweka chini, akarudi huku ametazama sakafu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Mke wangu akaja na uji, akauweka mlangoni. Baba akainuka kwa kiwiko na kumwita.

"Mama, usiende. Ingia. Niangalie macho."

Mke wangu alisimama pale pale. Alinigeukia mimi, na niliona jinsi alivyoogopa. Alidhani mzee amepotewa na akili. Baba akarudia, kwa sauti ile ya kazi ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, "Njoo karibu. Shusha kope uangalie. Mimi nimekuruhusu."

Alikunja kanga yake kifuani, akainamisha kichwa zaidi. Hakuvuka kizingiti.

"Mazuri, tata," akasema, akaondoka.

Baba alijilaza, akaugeukia ukuta. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilingoja mpaka nyayo za mke wangu ziishe uwanjani, kisha nikafungua dirisha lote, nikamgeuza baba kwa mikono yangu, nikamshusha kope kwa kidole kama nilivyowahi kumwona akifanya nje ya kanisa. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Manjano hayakuwa nayo.